Mwani wa bahari na virusi vya maradhi: Kipi kimethibiti na kipi ni uvumi?

Na Mwandishi Wetu

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, tunakumbushwa neema tulizowekewa baharini: chakula, mapambo na njia ya vyombo. Wakazi wa mwambao tunazijua neema hizi kwa macho. Tunakula samaki, tunasafiri kwa majahazi, na kwa zaidi ya miaka 30 sasa akina mama wa Unguja na Pemba wamekuwa wakisomesha watoto kwa fedha za mwani.

Leo safu yetu itauzungumzia mwani huo kwa upande wa afya. Tangu lilipoingia janga la corona, ambalo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga la dunia nzima mwezi Machi 2020, maneno mengi yamesemwa kuhusu mwani. Wapo wanaosema kuwa unaua virusi vya mafua, wapo wanaosema unatibu corona, na wapo wanaothubutu kusema kuwa unatibu ukimwi. Wauzaji wa vidonge na unga wa kijani nao hawakubaki nyuma. Baadhi ya maneno haya yana chembe ya ukweli na mengine ni hatari, na mtu akishindwa kuyatenganisha anaweza kuipoteza roho yake au ya mwanawe. Ndiyo maana tumeona tuyaeleze kwa utaratibu.

MWANI NI NINI?

Mwani ni mimea ya baharini isiyokuwa na mizizi wala maua kama mimea ya nchi kavu. Wataalamu huigawa katika makundi matatu makubwa kwa rangi: mwani wa kijani, mwani wa kahawia na mwani mwekundu. Unaolimwa kwetu ni wa kundi la mwani mwekundu, hata kama ukiutazama shambani utauona wa kijani au wa kahawia. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wetu wanaijua aina mbili: mwani mwembamba, ambao wanunuzi huuita spinosamu, na mwani mnene, ambao huitwa kotonii. Mwani mnene una bei nzuri zaidi, lakini tangu miaka ya 2000 umekuwa ukifa mara kwa mara kutokana na maji ya bahari kupata joto na kushambuliwa na maradhi. Hivyo sehemu kubwa ya mavuno ya leo ni mwani mwembamba.

Mwani haununuliwi ili uliwe kama mchicha. Unanunuliwa kwa ajili ya ute wake. Ukiuchemsha mwani, maji yake huwa mazito, na yakipoa huganda. Ute huo huitwa karaginani. Jina lake lilitokana na mwani wa Ireland, ambao watu wa huko kwa miaka mingi waliuchemsha na kuwapa wenye kikohozi. Viwandani ute huu hutumika kuzitia uzito maziwa ya pakiti, aiskrimu na dawa ya meno. Ukiangalia maandishi ya nyuma ya pakiti utaukuta umeandikwa kwa alama ya E407.

Mwani mwembamba hutoa aina ya karaginani inayoitwa iota, na mwani mnene hutoa aina inayoitwa kapa. Tafadhali likumbuke jina hilo la iota, kwani aina hiyo ndiyo iliyofanyiwa uchunguzi mwingi zaidi kuhusu virusi vya mafua.

VIRUSI NI VITU GANI?

Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, ambavyo haviwezi kuishi na kuzaana peke yake. Ni lazima viingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuitumia seli hiyo kutengeneza virusi vingine. Mafua, surua, homa ya ini, ukimwi na corona yote husababishwa na virusi. Ni vyema ikafahamika kwamba antibiotiki haziui virusi. Mzazi anayemnunulia mtoto amoksilini kila anapopata mafua hamtibu mafua, bali anavizoesha bakteria dawa, na siku mtoto akipata homa ya mapafu dawa hiyo huenda isimsaidie.

Dawa za kupambana na virusi ni chache na ni ngumu kutengenezwa, kwa sababu adui amejificha ndani ya seli zetu wenyewe. Ndiyo maana wataalamu hutafuta kila mahali, na bahari ni mojawapo ya mahali hapo. Tena si kutafuta kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasayansi Werner Bergmann alipata katika sifongo wa pwani ya Florida, Marekani, kemikali ambazo baadaye ziliwaongoza wataalamu kutengeneza vidarabini, dawa ya virusi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1976. Sifongo si mwani, lakini mfano huu unaonesha kuwa tiba inaweza kutoka baharini ikiwa itafuatiliwa kwa elimu na subira.

WATAALAMU WALIGUNDUA NINI KATIKA MWANI?

Mwaka 1958 watafiti nchini Marekani walichapisha taarifa kuwa maji yaliyotolewa katika mwani mwekundu yalivikinga vifaranga ambao bado wako ndani ya yai dhidi ya virusi vya mafua ya aina B na vya matumbwitumbwi. Taarifa hiyo haikushughulikiwa sana wakati huo. Ulipokuja ukimwi katika miaka ya 1980, wataalamu waliirudia njia hiyo, na mwaka 1987 watafiti wa Japani walieleza kuwa ute wa mwani mwekundu ulizuia virusi vya ukimwi kuzaana katika vyombo vya maabara.

Ute huu unafanyaje kazi? Juu ya seli zetu kuna vitu mfano wa nyuzinyuzi za sukari zenye chaji hasi za umeme. Virusi vingi, kabla ya kuingia ndani ya seli, huanza kwa kunasa katika nyuzi hizo. Ute wa mwani nao ni mnyororo mrefu wa sukari wenye chaji hasi kama hizo. Virusi vikikutana na ute kwanza, hunasa hapo vikidhani vimefika kwenye seli. Ni sawa na ulimbo wa kunasia ndege: ndege hafi kwa sumu, bali hukwama asifike anakokwenda.

Kutokana na maelezo haya tunapata mambo mawili makubwa. Kwanza, ute huzuia virusi kabla havijaingia kwenye seli. Vikishaingia, ute uliobaki nje hauna la kuvifanya. Pili, ni lazima ute uwepo pale pale virusi vinapoingilia. Ukiwa tumboni hauwezi kuwanasa virusi walioko puani.

PUANI: MAFUA NA CORONA

Kwa sababu hiyo watafiti walitengeneza maji ya kupuliza puani yenye karaginani ya iota. Mwaka 2010 watafiti wa Cardiff, Uingereza, walichapisha jaribio dogo la watu 35 walioanza kupata mafua. Waliopuliziwa karaginani mara tatu kwa siku, kwa siku nne, walipata dalili hafifu zaidi kuliko waliopuliziwa maji yasiyo na ute, na virusi vyao puani vilikuwa vichache zaidi.

Majaribio yaliyofuata hayakutoa majibu ya aina moja. Kwa watoto, taarifa iliyochapishwa mwaka 2012 ilionesha kuwa virusi vilipungua puani, lakini dalili za mafua hazikutofautiana sana na za watoto waliopewa maji ya chumvi. Mwaka 2021 majaribio mawili, moja la watoto na moja la watu wazima, yalichambuliwa pamoja. Kati ya wagonjwa 254, waliotumia karaginani walionekana kupona kwa kasi zaidi kwa kiasi cha asilimia 54.

Ama kuhusu corona, jaribio linalotajwa sana ni la Argentina, lililochapishwa mwaka 2021. Wafanyakazi wa hospitali 394, ambao walikuwa wakiwahudumia wagonjwa wa corona, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipuliza karaginani ya iota puani mara nne kwa siku kwa siku 21, na jingine lilipuliza maji ya chumvi tu. Katika fungu la karaginani waliopata corona walikuwa 2 kati ya 196. Katika fungu la maji ya chumvi walikuwa 10 kati ya 198.

Ndugu msomaji, hesabu hii inafurahisha, lakini tuisome kwa uadilifu. Jumla ya waliougua ni watu 12 tu. Watu wachache kama hao wangeugua au kutougua kwa sababu nyingine, hesabu ingebadilika sana. Aidha, watu hao walikuwa wafanyakazi wa afya wenye vifaa vya kujikinga, na jaribio halikuhusu kumtibu mtu aliyekwishaugua. Kwa hiyo ni sahihi kusema kuwa karaginani puani ina dalili njema za kusaidia kinga ya mafua na corona. Si sahihi kusema kuwa mwani unatibu corona.

SOMO KUTOKA AFRIKA KUSINI

Anayetaka kujua kwa nini wataalamu hawaridhiki na majaribio ya maabara, na akisome kisa cha Carraguard. Hii ilikuwa jeli ya karaginani iliyotengenezwa na shirika la Population Council kwa ajili ya kuwakinga wanawake na virusi vya ukimwi. Katika maabara ilinasa virusi vizuri, na kwa watumiaji ilionekana kuwa salama. Matumaini yalikuwa makubwa, hasa kwa wanawake wa Kiafrika, ambao wengi wao huambukizwa na waume zao wenyewe ndani ya ndoa.

Kati ya mwaka 2004 na 2007 wanawake 6,202 wa Afrika Kusini walishiriki katika jaribio. Nusu walipewa jeli ya mwani na nusu jeli isiyo na dawa. Majibu yalichapishwa mwaka 2008. Walioambukizwa katika fungu la jeli ya mwani walikuwa 134, na katika fungu la pili 151. Tofauti hiyo ni ndogo, na wataalamu walihukumu kuwa jeli haikuthibiti kuzuia ukimwi. Sababu mojawapo ni kwamba wengi hawakuitumia kila mara ilipohitajika.

Kilichofanya kazi katika chupa ya maabara hakikufanya kazi katika maisha ya watu. Kama jeli hiyo ingeuzwa madukani mwaka 2004 kwa kutegemea matumaini tu, ni wanawake wangapi wangejiona wamekingwa kumbe hawajakingwa? Anayekuambia leo kuwa supu ya mwani inatibu ukimwi hana hata jaribio moja la kukuonesha, na lile kubwa lililofanyika kuhusu kinga ndilo hilo lililoshindwa.

Watanzania tuna somo jingine la karibu zaidi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Loliondo kunywa kikombe, na miongoni mwao wapo walioacha dawa za kurefusha maisha kwa kuamini kuwa wamepona. Mwenye virusi vya ukimwi akiziacha dawa zake, virusi huongezeka tena mwilini hata kama yeye anajihisi mzima. Aliye na mgonjwa nyumbani na alishike hili vizuri: hakuna mwani, spirulina wala unga wowote unaoweza kuchukua nafasi ya dawa hizo.

PROTINI YA MWANI WA NEW ZEALAND

Utafiti haukusimama kwenye ute. Mwaka 2005 wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitangaza kupata protini katika mwani mwekundu mdogo uitwao Griffithsia, uliochukuliwa New Zealand. Protini hiyo waliiita grifithisini. Nayo hainasi kwa chaji za umeme, bali hushika aina ya sukari iliyolivika gamba la virusi. Katika maabara imezuia virusi vya ukimwi kwa kiasi kidogo mno cha dawa, na mwaka 2010 watafiti walionesha kuwa iliwakinga panya wengi wasife kwa virusi vya SARS, ndugu wa virusi vya corona.

Kwa kuwa mwani huo ni haba, wataalamu wameweza kuitengeneza protini hiyo kwa kutumia majani ya jamii ya tumbaku. Majaribio ya mwanzo ya usalama kwa binadamu yameshafanyika. Hata hivyo bado haijawa dawa ya kuandikiwa na daktari.

SPIRULINA NA UNGA WA KIJANI

Spirulina ndiyo inayouzwa sana mijini kwa jina la mwani. Kwa hakika ni jamii ya bakteria wa kijani wanaoishi kwenye maji ya magadi. Waislamu wa kabila la Kanembu, kandokando ya Ziwa Chad, wameila kwa vizazi vingi. Akina mama huichota, huikausha juu ya mchanga na kuikata vipande viitwavyo dihé, kisha huitia kwenye mchuzi. Katika maziwa yetu ya magadi, kama Natron nchini Tanzania na Bogoria nchini Kenya, vijidudu vya jamii hiyo ndivyo chakula cha ndege heroe.

Spirulina ina protini nyingi. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walipata ndani yake ute unaozuia baadhi ya virusi katika maabara. Lakini kutoka maabara hadi kwa mgonjwa bado njia ni ndefu, na hadi leo spirulina ni chakula, haijawa dawa ya virusi.

Tahadhari: usichote utando wa kijani katika bwawa au ziwa kwa kudhani kuwa ni spirulina. Baadhi ya jamii zake zina sumu kali inayoharibu ini. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishiwa damu kwa maji yaliyokuwa na sumu hiyo.

JE, KULA MWANI KUNA FAIDA NA MADHARA GANI?

Mwani safi ni chakula kizuri. Una madini na nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Zanzibar akina mama wameshafundishwa kutengeneza keki, juisi, achari na sabuni za mwani, na katika kazi hiyo jina la Dk. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari, linajulikana kwa wengi. Vyakula hivyo vilieni kwa raha zenu, bila ya kuvipa sifa ya tiba ya virusi. Ute wa mwani ni mnyororo mrefu mno, tumbo haliwezi kuufyonza ukaingia kwenye damu ukiwa mzima. Sehemu kubwa hupita na kutoka.

Wafuatao wawe waangalifu na wamuulize daktari kwanza:

Mosi, wenye maradhi ya tezi la shingo. Mwani, hasa ule wa kahawia unaotoka nchi za baridi, una madini joto mengi sana. Kiasi kikubwa huivuruga tezi, na mjamzito anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Pili, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini. Ute wa mwani wa kahawia, uitwao fukoidani, katika maabara umeonekana kuizuia damu kuganda, na unauzwa kwa vidonge. Mchanganyiko huo unaweza kuleta kutokwa na damu.

Tatu, wanaonunua mwani mkavu kutoka nje bila kujua asili yake. Mwani hufyonza madini mazito yaliyomo majini. Mwani wa Kijapani uitwao hijiki, kwa mfano, una sumu ya aseniki kiasi cha mamlaka ya chakula ya Uingereza kuwashauri watu wasiule.

Nne, msitengeneze dawa ya pua nyumbani kwa kuchemsha mwani. Ute huo utakuwa na mchanga na bakteria, na haujulikani kipimo chake. Dawa iliyojaribiwa hospitali ilisafishwa kiwandani na kupimwa.

UPANDE WA SHERIA YA DINI

Vinavyotoka baharini asili yake ni halali, na mmea haukatazwi ila ukiwa unalevya au unadhuru. Mwani umo katika halali hiyo. Zaidi ya hayo, mwani una heri kubwa kwa nyumba ya Kiislamu: ute wake hushika nafasi ya jelatini. Jelatini nyingi za viwanda hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe, au ya ng'ombe ambao haikujulikana walivyochinjwa. Peremende, jeli za watoto na keki zilizogandishwa kwa karaginani au kwa agari, yenye alama ya E406, hazina shaka hiyo kwa upande wa kigandishio.

Lakini angalia kifuko cha kidonge. Mara nyingi unga wa mwani au spirulina hutiwa ndani ya kapsuli za jelatini, na mnunuzi akaona neno "mwani" akaridhika. Soma maandishi, tafuta alama ya halali au maneno ya kuonesha kuwa kapsuli imetokana na mimea.

Swali jingine ni funga. Je, aliyefunga akipuliza dawa puani funga yake inabatilika? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilitaja matone na dawa za kupuliza puani miongoni mwa visivyobatilisha funga, kwa sharti kuwa mtu aepuke kumeza kinachofika kooni. Wapo wanazuoni wenye kauli tofauti, kwa kuwa Mtume (SAW) alimkataza aliyefunga kuvuta maji kwa nguvu puani. Mwenye kutaka kutoka katika hitilafu na apulize kabla ya alfajiri na baada ya kufuturu, au amuulize shekhe wake.

USAFI WA PUA: DAWA ILIYO MKONONI MWETU

Huenda msomaji akauliza, "Hizo dawa za kupuliza zina bei, na kijijini kwetu hazipo. Sisi tufanye nini?" Hapa kuna habari njema. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusu watu wazima wapatao 13,800. Waliopuliza maji ya chumvi puani mara tu dalili za mafua zilipoanza, au walipokutana na mgonjwa, waliugua kwa wastani wa siku 6.4 katika miezi sita. Ambao hawakupewa kitu waliugua siku 8.2. Waliopuliza aina ya jeli ya dukani, isiyo ya mwani, waliugua siku 6.5, yaani jeli haikuyashinda maji ya chumvi. Kabla ya hapo, mwaka 2019, jaribio la Edinburgh lilionesha kuwa kusafisha pua na kusukutua kwa maji ya chumvi kulipunguza muda wa mafua kwa karibu siku mbili.

Hapa Muislamu hana ugeni. Kupandisha maji puani na kuyapenga ni sunna tunayoirudia katika kila udhu. Sisi tunafanya hivyo kwa ajili ya ibada, na hatudai kuwa udhu ni dawa ya corona. Lakini ni neema kwamba mwili wetu umezoeshwa usafi huu tangu utotoni.

Namna ya kutengeneza maji ya chumvi ni hii: chemsha maji safi nusu lita, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi kilichosawazishwa, koroga mpaka iyeyuke. Tumia chombo kilichooshwa, kila mtu na chake. Yasiyotumika siku hiyo yamwagwe.

Kuchemsha maji hayo ni lazima. Katika maji vuguvugu yasiyotiwa dawa huweza kuwemo amiba hatari anayeingia ubongoni kupitia puani. Maradhi hayo ni nadra mno, lakini karibu wote wanaoyapata hufa. Mjini Karachi, Pakistan, waligunduliwa wagonjwa 13 katika miaka ya 2008 na 2009, na wengi wao hawakuwa wameogelea popote, hivyo maji ya bomba yaliyotumika kutawadhia yakashukiwa. Kwa hiyo matangi ya misikiti yafunikwe, yasafishwe kwa ratiba na yatiwe klorini. Kamati za misikiti zisilione jambo hili kuwa dogo.

TUSIWASAHAU WAKULIMA

Wengi wa wanaolima mwani visiwani ni wanawake. Hukaa majini kwa saa nyingi, jua likiwapiga kutoka juu na mng'aro wa maji ukiwaumiza macho. Huchomwa na miiba ya bahari, huumwa migongo kwa kubeba magunia ya mwani mbichi, na kilo ya mwani mwembamba mkavu huuzwa kwa bei ndogo sana. Ute unaotokana na mwani huo husafishwa katika viwanda vya nchi nyingine, kisha huturudia katika dawa ya meno na pakiti za maziwa kwa bei kubwa.

Dawa za virusi za mwani zikithibiti, kila atakayepewa kijichupa hicho ajue kuwa huenda kimeanzia mikononi mwa akina mama hawa. Wenye uwezo miongoni mwa Waislamu, badala ya kufungua maduka ya kuuza unga usiojulikana, wawekeze katika usafishaji wa mwani hapa hapa. Waume nao wawanunulie wake zao viatu vya kuingilia majini, kofia pana na miwani ya jua. Gharama yake si kubwa, na kumhifadhi aliye chini yako ni wajibu.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa, na ametuhimiza tujitibu. Vilevile ametufundisha kuwa anayejitia utabibu hali hana elimu hiyo, basi anabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Mafundisho haya mawili yakienda pamoja, mtu hatazidharau neema za bahari, wala hatawadanganya wagonjwa kwa jina lake.

Basi tuyashike haya: Ute wa mwani una uwezo wa kunasa virusi, na puani umeonesha dalili njema dhidi ya mafua na corona. Haujathibiti kukinga wala kutibu ukimwi. Kuula ni chakula, si dawa ya virusi. Mwenye dawa za hospitali asiziache. Mtoto apelekwe chanjo kwa wakati wake. Mafua yakianza, safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nawa mikono kwa sabuni, ziba mdomo unapokohoa, na akishindwa kupumua mgonjwa apelekwe hospitali haraka, asisubiri supu ya mwani.

Tumuombe Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu, awabariki akina mama wanaohangaika baharini kutafuta halali, na atuongoze sote katika elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.